Umeokota kipande cha bunduki kuukuu? Weka msasa chini kwanza

Nilikuwa nachimba shimo la kupanda mche, jembe likagonga chuma. Nikatoa kipande cha mtutu kisichozidi shubiri moja, pamoja na bamba la ubavuni ambalo nyundo yake ya gobori ilikuwa bado imeshikilia. Kwa furaha nikachukua msasa, nikausugua mtutu mpaka ukang'aa. Nilipokuja kujua kwamba chini ya ile kutu palikuwa na herufi, nusu yake nilikuwa nimeshazifuta. Bado inaniuma.

Kipande changu kilikuwa wazi pande zote mbili. Chako kikiwa kimeziba, usikipekeche wala usikipashe moto. Gobori hushindiliwa kwa mdomoni, na baruti iliyosahaulika ndani inaweza kulipuka hata baada ya miaka mingi. Kiache hapohapo, uwaite polisi. Hata kikiwa salama wape taarifa, maana nchi nyingi zina sheria juu ya sehemu za silaha.

Ukisharuhusiwa kubaki nacho, kiloweke kwenye mafuta mepesi siku kadhaa, kisha ukisugue kwa mswaki laini. Baadaye zima taa, umulike tochi kwa ubavuni, mwanga ulale juu ya chuma. Maandishi ambayo mchana huyaoni yatajichomoza kwa vivuli vyake. Piga picha hapohapo.

Sasa, kosa linalowapoteza wengi, nami lilinipoteza: kudhani kila mhuri ni jina la mtengenezaji. Mtutu wangu ulikuwa na herufi ELG ndani ya duara la yai, na nyota chini yake. Nilihangaika wiki nzima nikitafuta fundi mwenye herufi hizo. Kumbe ni mhuri wa ofisi ya kupima uimara wa mitutu ya Liège, Ubelgiji, ulioanza 1810, na mwaka 1893 ukaongezewa taji juu. Wangu hauna taji, kwa hiyo ni wa kabla ya hapo. Jina la fundi sikulipata, lakini mji na kipindi nilivipata, na hilo si haba. Vivyo hivyo, fimbo mbili za kifalme zilizopishana, zenye taji na herufi BPC, ni za ofisi ya upimaji ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1813. Neno TOWER nalo si jina la fundi, linatokana na ghala la silaha la serikali ya Uingereza mjini London.

Jina lenyewe litafute kwenye nyuso zilizofichika: upande wa chini wa mtutu, uliokuwa ukilalia mti, na upande wa ndani wa bamba. Huko mafundi waliacha herufi mbili tatu za majina yao. Usishangae zikitofautiana. Liège na Birmingham bunduki moja ilipita mikononi mwa mafundi wengi, huyu wa mtutu, yule wa mtambo, mwingine wa kitako, na jina lililoandikwa kwa nje mara nyingi lilikuwa la mfanyabiashara aliyeiuza.

Bamba langu sikuligusa na msasa. Nilipolifungua, ndani nikakuta herufi mbili, J na B, zimegongwa kwa mkono, ya pili imelalia upande kidogo. Ndizo ninazozifuatilia sasa.