Msiwazike Waingereza kwa sababu ya Tokyo

Swali la wiki liliuliza kama riadha ya Uingereza inaporomoka, baada ya timu yake kurudi bila dhahabu kutoka mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025. Kwangu mimi jibu ni hapana. Wana pengo, lakini si pale wengi wanapolitafuta.

Watu wanalinganisha medali 10 za Olimpiki ya Paris 2024 na 5 za Tokyo, wanashika kichwa. Hebu zichambueni. Paris, Uingereza ilipanda jukwaani katika mbio zote tano za kupokezana vijiti. Tokyo, kijiti hakikuwapa hata shaba. Ukiondoa vijiti, ni medali 5 Paris na 5 Tokyo. Kilichopotea ni vijiti, pamoja na ile dhahabu ya Keely Hodgkinson ya mita 800 kule Paris.

Na hata hiyo dhahabu ilipotea kwa nani? Fainali ya mita 800 ya wanawake sisi Wakenya tunaikumbuka vizuri. Mary Moraa aliichemsha tangu mzunguko wa kwanza, kisha Lilian Odira, ambaye hata hapa nyumbani wengi hawakumpigia hesabu, akachomoka mwishoni na kushinda kwa 1:54.62, akifuta rekodi ya mashindano iliyodumu tangu 1983. Nyuma yake walikuwa Waingereza wawili, Georgia Hunter Bell 1:54.90 na Hodgkinson 1:54.91. Hodgkinson alikuwa amerudi mashindanoni Agosti tu, baada ya mwaka mzima nje kwa majeraha ya msuli wa paja. Mtu wa hivyo akikimbia 1:54, mimi simwiti aliyeporomoka.

Wote wawili wananolewa na Trevor Painter na mkewe Jenny Meadows, ambaye mwenyewe alipata shaba ya dunia katika mbio hizo hizo mwaka 2009. Hunter Bell alikuwa ameshaacha riadha kabisa, yuko kazini kwenye usalama wa kompyuta, akarudi kupitia mbio za bure za Jumamosi asubuhi bustanini. Nyuma yao kuna Phoebe Gill, aliyekimbia 1:57.86 akiwa na miaka 17 na kufika nusu fainali ya Paris. Hapo hakuna ukame.

Mita 1500 za wanaume ni hadithi hiyo hiyo: Jake Wightman alipitwa na Mreno Isaac Nader kwa sekunde 0.02, na Josh Kerr, bingwa mtetezi, aliumia katikati ya fainali akamaliza akichechemea. Mita 200 za wanawake Amy Hunt alichukua fedha kwa 22.14, na bado ni kijana.

Sasa pengo lenyewe. Liko kwenye kurusha na kuruka. Hii ndiyo nchi ya Jonathan Edwards, ambaye rekodi yake ya dunia ya miruko mitatu, mita 18.29 ya mwaka 1995, haijafikiwa na mtu, na ya Fatima Whitbread, bingwa wa dunia wa mkuki mwaka 1987. Leo, ukimtoa Katarina Johnson-Thompson na shindano lake la michezo saba kwa pamoja (heptathloni), hakuna aliyeleta medali kutoka upande huo, Paris wala Tokyo. Molly Caudery alikuwa bingwa wa dunia wa ndani wa kuruka kwa upondo mwaka 2024, lakini Paris alishindwa kimo chake cha kwanza, na Tokyo akaumia akipasha misuli. Fedha za bahati nasibu ya taifa hufuata wenye matumaini ya medali, kwa hiyo mrusha tufe wa daraja la kati anajitegemea. Johnson-Thompson atakuwa na miaka 35 Los Angeles 2028, na simwoni wa kumrithi.

Agosti 2026 mashindano ya Ulaya yatakuwa Birmingham, na nina hakika magazeti ya London yatajaa dhahabu. Msiyasome sana, maana hakuna Mkenya, Mjamaika wala Mmarekani huko. Mimi nitaangalia Michezo ya Jumuiya ya Madola, Glasgow, wiki chache kabla, ingawa huko Waingereza watajigawa, England kivyake na Scotland kivyake, na Kerr atakuwa Mskoti. Odira na Hodgkinson wakipangwa fainali moja, hapo tutajua zaidi kuliko Birmingham nzima.