Msizibe madirisha ya karakana

Mdogo wangu, umeuliza kama mzibe kwa mabati madirisha ya karakana yenu ya pamoja hapo Ngamiani, baada ya kuibiwa randa ya umeme. Msizibe. Mwizi mtamzuia, lakini vumbi la mbao za mninga mtalivuta nyie. Wekeni nondo za milimita 12, zichomelewe kwa ndani, halafu rangi ya kuzuia kutu. Chumvi ya bahari hapa Tanga haina huruma. Joto hupanda, basi toboeni matundu juu, kuta mbili zinazotazamana, upepo upite. Mvuke wa thina, ile ya kuyeyushia rangi, ni mzito kuliko hewa, hutuama chini: acheni na tundu lenye wavu karibu na sakafu. Funguo? Mbili tu, na daftari la kusaini. Kwetu zilikuwa saba, na kila mtu alikuwa “nilifunga mimi”.