Krismasi ya huku, na kanisani tunaendaje

Ndugu zangu, kila Disemba kwenye grupu la familia swali ni lilelile, kwamba Krismasi ya Uingereza si ndo raha yenyewe, na je kanisani bado naenda au ndo nishapoa kama wazungu. Kwenye simu huwa naishia kusema namshukuru Mungu. Leo nawajibu kwa kirefu.

Huku Krismasi inaanza hata Majilio hayajafika. Novemba taa zishawaka Oxford Street, maduka yanashusha bei, kila mtu mbio, na sisi tunaolea wazee ndo msimu wa shifti, manake wenyeji wanataka ofu wakae na familia zao na wazee hawawezi kuachwa peke yao. Meneja anakupigia, njoo tarehe 25 malipo yatakuwa mazuri, na wewe kichwani una ada ya Januari ya mdogo wako, unakubali. Jua lenyewe linazama kabla ya saa kumi jioni, unaingia kazini giza unatoka giza, ukipiga magoti usiku usingizi unakuchukua hujafika amina.

Na hata ukipata ofu, sio kama huko Moshi unavaa tu unafuata kengele. London tarehe 25 hakuna treni, hakuna basi, na maduka makubwa England na Wales yanafungwa kwa sheria ya tangu 2004. Huna gari basi unatembea kwa miguu au umeshapanga na mtu wa kanisani akupitie. Ibada za Kiswahili zipo lakini ziko mbali na mimi, kwa hiyo nasali hapa mtaani na wazee wa kizungu, hakuna vigelegele wala kwaya ya kucheza, ila Neno linasomwa lilelile la Luka na mimi linanitosha kabisa.

Kwa hiyo amani huku haikufuati, unaipangia. Mi naomba ofu yangu ya Krismasi mapema, kabla rota (ratiba ya zamu) ya Disemba haijatoka, na kwa kubadilishana nafanya mwaka mpya. Mwaka ambao haiwezekani naomba angalau asubuhi ya tarehe 24 iwe yangu, nazima simu, nasoma, naomba, na naona kabisa tofauti ninapoingia zamu usiku. Halafu kazini kwenyewe kuna ibada yake jamani. Kuna wazee pale wameshasahau mpaka majina ya watoto wao, lakini ukianzisha wimbo wa Krismasi wanaimba beti zote, tuni zilezile tulizofundishwa Sunday school Kilimanjaro, mi naimba Kiswahili wao Kiingereza, na kuna mama mmoja hanishikagi mkono siku nyingine yoyote ila siku hiyo hauachii. Siwezi kusema nimekosa kanisa siku kama hiyo.

Sasa niseme la ukweli na msikasirike. Kinachonivuruga kuliko shifti ni meseji. Kuanzia tarehe 15 simu ni hela ya ndafu, hela ya nguo za watoto, nauli ya kwenda Moshi imepanda, mpaka mkesha wenyewe mtu anakuandikia "dada umetusahau". Nawapenda na nitatuma, ila nimeamua ya sikukuu natuma yote wiki ya kwanza ya Disemba kwa mama, agaweni wenyewe, na baada ya hapo naomba nisiulizwe hela mpaka ada. Mnipigie kunisalimia. Mniulize nimekula nini, nimesali wapi, mniombee.

Na mkesha wa Krismasi mwaka huu nipo kazini. Huko ikigonga saa sita usiku huku ni saa tatu, nimeomba brek yangu iwe muda huo. Mmoja wenu akae karibu na kwaya aniwashie video, bando nitamtumia mapema.