Rais wa pili wa kike, au rais wa kike wa pili?

SWALI: Ninafundisha sekondari huku Tanga. Wanafunzi wangu wanaandaa mabango ya wanawake mashuhuri wa India. Bango la kwanza limeandikwa: "Droupadi Murmu, rais wa pili wa kike wa Kihindi." Mwalimu mwenzangu anasema "wa kike" ni ya wanyama, tuandike "rais mwanamke". Tena tumebishana kama Rani wa Jhansi ni malkia. Tuamulie.

JIBU: Mwalimu, mwenzako amechanganya kike na jike. Jike ndiyo ya wanyama: simba jike, mbuzi jike. Kwa binadamu tumesema "mtoto wa kike" na "ndugu wa kike" tangu enzi za mababu, na hakuna binti aliyenuna. "Rais mwanamke" nayo ni sahihi. Hapo hamna ugomvi.

Kosa la bango limejificha kwenye foleni ya maneno. Mzazi akikwambia "huyu ni mtoto wangu wa pili wa kike", huna hakika kama ana mabinti wawili, au kama huyu ni kitinda mimba wa watoto wawili ambaye kwa bahati ni msichana. Akisema "mtoto wangu wa kike wa pili", umemwelewa. Neno lililo karibu na jina hulishika kwanza. Sasa rudi kwenye bango: msomaji mwenye haraka ataona "rais wa pili" na kuondoka. Rais wa pili wa India alikuwa Sarvepalli Radhakrishnan, mwanamume, tangu 1962. Murmu, aliyeapishwa Julai 25, 2022, ni wa 15. Kwa wanawake ndiye wa pili, baada ya Pratibha Patil aliyeingia 2007. Mimi ningeandika "mwanamke wa pili kuwa rais wa India" na kulala usingizi.

Umeona nimesema "wa India". "-a Kihindi" hueleza asili, mtindo au utamaduni: filamu ya Kihindi, mavazi ya Kihindi, harusi ya Kihindi. Cheo ni cha nchi. Na kwetu huku Mhindi si lazima awe raia wa India. Wako waliozaliwa Tanga na mababu zao wakazikwa Tanga. Sarojini Naidu, mshairi na mwanasiasa wa India, alipokuja Mombasa mwaka 1924 kuongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki, aliokuwa akiwahutubia walikuwa Wahindi kama yeye, ila kwao pa kuishi palikuwa hapa. (Mhindi mwingine, wenye kuzaa mahindi, una ngeli yake. Usimwachie mwanafunzi akaandika "mihindi mashuhuri".)

Kuhusu malkia, hapo mna hoja. Neno letu hubeba watu wawili: mke wa mfalme, na mwanamke anayetawala mwenyewe. Rani, neno la huko India la malkia, nalo ni hivyohivyo. Lakshmibai, huyo Rani wa Jhansi, dola ndogo ya kaskazini mwa India, alipitia kote kuwili. Mumewe, mfalme Gangadhar Rao, alipokuwa hai, Lakshmibai alikuwa malkia kwa ndoa. Mume akafa 1853, Waingereza wakakataa kumtambua mtoto wao wa kulea na kuitwaa Jhansi mwaka uliofuata. Katika vita vya kuwaasi Waingereza vya 1857 na 1858 ndipo Lakshmibai alipotawala na kuongoza jeshi, hadi akauawa vitani karibu na Gwalior. "Malkia" si kosa, lakini "mtawala wa Jhansi" haimwachii msomaji nafasi ya kuuliza mfalme alikuwa nani. Waliotangulia walishalijua tatizo hili: Razia, aliyetawala Delhi kuanzia 1236 hadi 1240, mwanahistoria wa zama zake anamtaja kwa cheo cha sultani, kilekile cha baba yake.

Na kama mnadhani ubishi huu ni wetu peke yetu, huko India rais huitwa rashtrapati. Rashtra ni taifa. Pati ni bwana, kwa maana zote mbili tulizonazo sisi, mwenye mamlaka na mume. Patil alipochaguliwa, watu wakaulizana aitweje. Kugeuza mwisho liwe rashtrapatni kunaleta "mke wa taifa", na mbunge mmoja aliyelitamka hilo kumhusu Murmu mwaka 2022 ilibidi aombe radhi. Cheo kimebaki rashtrapati kwa wote. Sisi tulikuwa na bwana shamba, akaja mwanamke na pikipiki yake na buti za mpira, tukamwita bibi shamba, kazi ikaendelea. "Rais" halijatusumbua hata hivyo, maana halina jinsia.

Neno la mwisho, maana najua bango la Anandi Joshi linakuja. Msiandike "daktari wa wanawake wa kwanza". Daktari wa wanawake ni anayetibu wanawake, hata awe na ndevu hadi kifuani. Joshi alihitimu udaktari Philadelphia, Marekani, mwaka 1886, akafariki Februari 1887 akiwa na miaka 21. Alimzika mtoto wake mchanga akiwa na miaka 14 tu, na tasnifu yake ilihusu uzazi. Kwa hiyo daktari wa kike alikuwa. Daktari wa wanawake ndicho alichotaka kuwa. La kwanza liwekeni juu ya picha, la pili mlieleze chini yake kwa sentensi nzima.