Uliza Fundi: Land Rover ya marehemu baba

Swali: Shikamoo fundi. Baba alituachia Land Rover 109 Series III, pikapu ya petroli ya mwaka 1976. Imekaa chini ya mti nyumbani Karatu tangu 2013. Kwa macho bodi ni nzima. Fundi wa hapa anashauri tuanze na rangi ili nipate moyo, halafu tutoe injini tufunge dizeli ya Kijapani. Mimi ningependa kuifanya mwenyewe nyumbani, jioni na Jumapili. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba hata kama ni wa siku nyingi. Swali lako limenigusa. Land Rover za kwanza nilizofungua nilizifungua hapo jirani na kwenu, kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, nikiwa kijana wa miaka 16.

Rangi iache kwanza. Bodi ya gari hilo ni alumini, na alumini haipati kutu nyekundu, kwa hiyo gari linaweza kukuonyesha sura nzima huku chini limekwisha. Land Rover ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia. Wenyewe wakatumia alumini kwenye bodi, chuma wakakiweka pale tu ambapo hakikwepeki: chesesi (ile fremu ya chini inayobeba gari lote), fremu za milango, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Uzima wa gari uko kwenye hivyo vyuma vichache. Vikiwa vimeoza, rangi utakuwa umempaka maiti.

Inua gari, uweke magogo ya mbao ngumu chini ya ekseli zote mbili. Usitumie tofali za saruji, zinapasuka bila kuaga. Na usiingize hata kichwa chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Kwangu mimi hilo halina mjadala.

Kisha chukua nyundo ndogo na bisibisi ya zamani, ulale chini. Chesesi ya 109 ni sanduku refu la bati la chuma lililochomelewa pembe zote. Tope huziba vile vitundu vya kutolea maji, unyevu ukabaki ndani, kutu ikala kutoka ndani kuja nje. Gonga kila baada ya kiganja kimoja. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya debe lililojaa mchanga. Unaposikia hivyo, sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikizama, tia alama ya chaki. Gonga kwa subira zaidi boriti ya nyuma kabisa inayobeba ndoano ya kuvutia, ile mikono ya pembeni inayoshika ukuta na tangi, na masikio ya springi za mbele. Sikio la mbele kulia ndilo lenye namba ya chesesi, kwa hiyo hapo tumia brashi ya waya kwa mkono tu. Nimeona gari zima likikwama kwenye makaratasi kwa sababu kijana alipitisha mashine ya kusaga juu ya namba.

Ukimaliza chesesi, ng'oa mazulia. Sakafu ya miguu na nguzo za bawaba za milango ndipo ukuta unapoanza kufa. Penye alumini na chuma vikigusana na maji yakaingia, utakuta unga mweupe kama chokaa. Ni ile alumini inaliwa. Ukirudishia, tenganisha metali hizo mbili kwa rangi nzito au kipande cha mpira, na ribiti ziwe za alumini.

Alama za chaki zikiwa tano au sita, gari linaokoka. Kata mpaka ufike chuma king'aacho, uchomelee bati la milimita 2. Kiraka juu ya kutu ni kazi ya wiki moja, ya pili itakuwa imeachia. Kabla ya kuchomelea, toa tangi la mafuta lililo chini ya kiti ulipeleke mbali, na uchomoe nyaya za betri na za alternata. Chesesi ikiwa imetoboka kila mahali, niandikie tena kabla hujatumia shilingi, maana hapo itabidi tuzungumzie kutafuta nyingine.

Sasa injini. Usipige stata! Silinda zilizokaa miaka yote hiyo zinaweza kuwa zimeshikana na ringi, na stata itazivunja. Toa plagi nne, mimina kila tundu vijiko vitatu vya dizeli iliyochanganywa na oili ya injini, uache siku tatu nne. Halafu zungusha injini kwa mkono kwa hendeli ile ya mbele, bila plagi, polepole. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini, maana siku injini ikirudisha teke ndicho kinachovunjika. Ikishazunguka laini, rudisha plagi uzungushe tena. Katika mizunguko miwili unapaswa kukutana na ukinzani mara nne, wa nguvu zinazolingana. Mmoja ukiwa laini, silinda hiyo ina valvu au ringi mbovu.

Ukinzani ukilingana, mimi ningeibakiza injini ya mzee. Dizeli ya Kijapani sina neno nayo, lakini inakuja na mikono mipya ya kushikia injini, rejeta, pengine propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu), na namba ya injini isiyolingana na kadi ya gari. Hii yako ya cc 2,286 unaisoma kwa macho: mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, 1-3-4-2, valvu zote nane mwanya wa milimita 0.25, mwanya wa pointi za kuwashia milimita 0.35 hadi 0.40. Osha tangi na kabureta, petroli ya zamani hugeuka gundi. Na nunua spana za inchi. Kichwa cha nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, inateleza, inaviringa pembe, na baada ya hapo utahitaji patasi.

Breki fanya upya zote: mipira, silinda za magurudumu, hozi. Fungua gurudumu moja moja, ili la upande wa pili likuonyeshe springi zinavyokaa. Ukitoa upepo, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Usiruhusu mtu amimine oili ya injini kwenye kikopo cha breki. Nilishuka mteremko wa Mto wa Mbu nikiwa na mzigo wa mahindi baada ya mtu kunifanyia hivyo "ya kufikia nyumbani tu". Mipira ilivimba, nikabaki na gia ya kwanza na Mungu. Tangu siku hiyo kikopo cha breki nafungua mwenyewe.

Swali: Fundi, Land Rover yangu ya Series niliitia four-wheel kwenye tope la Babati kwa ile liva ya njano. Nikiwa kwenye lami usukani ukawa mgumu na njano haitoki. Gia boksi imekufa?

Jibu: Haijafa, dada yangu, imebanwa. Series haina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope yanateleza na kujisawazisha, kwenye lami hayawezi, kwa hiyo propela zinajisokota kama kamba. Rudi nyuma mita kumi hivi kwa mstari ulionyooka, ukanyage udongo ukipata. Kisha simama kabisa, vuta liva nyekundu nyuma, uirudishe mbele. Njano itaruka juu yenyewe. Siku nyingine itoe kabla hujapanda lami.

Swali: Niko Njombe, nina Series III ya dizeli. Asubuhi za baridi haiwaki mpaka isukumwe. Betri ni mpya.

Jibu: Angalia plagi za kupasha moto. Kwenye injini hiyo nne zote zimefungwa kwa mfuatano, umeme unapita moja kwenda nyingine, hivyo ikikatika moja zote nne zinalala. Washa swichi ya kupasha, chukua taa ya kupimia, waya mmoja kwenye bodi, mwingine gusa plagi moja baada ya nyingine ukianzia upande umeme unakoingilia. Ukigusa plagi umeme unakoingia taa ikawaka, ukigusa unakotokea ikazima, hiyo ndiyo iliyokatika. Badili hiyo, usafishe vishikio vya zote kwa msasa, halafu asubuhi ipashe kwanza bila haraka kabla ya kupiga stata.