Maneno nayajua, stori siielewi: Mwalimu wa Kiingereza anajibu

Mwalimu shikamoo. Mi najifunza Kiingereza mwenyewe kwa simu, huu mwaka wa pili. Nikipewa orodha ya maneno natafsiri karibu yote, lakini nikipewa kahabari ka aya mbili na maswali chini nachemka. Nasoma mara tatu, kila neno nalijua, ila sijui nani kamfanya nini nani. Au kichwa changu ndo kizito?

Marahaba. Kichwa chako kizima kabisa, na naomba hiyo fikra uitoe leo leo maana nimeona watu wakiacha kujifunza kwa sababu yake. Kinachokuangusha ni vineno vidogo unavyovipita mbio kwa sababu uliviona siku ya kwanza ukahesabu umeshavijua, yaani "it", "they", "he", "this".

Sikia. Kwa Kiswahili nikikwambia kikombe kiliangukia meza ya kioo kikavunjika, hujiulizi kilichovunjika ni nini, ile "ki" imeshakwambia, na ningesema ikavunjika ungejua hapohapo ni meza. Tumezoea hivo tangu utotoni, kitenzi chenyewe kinatuonyesha mwenyewe ni nani. Sasa soma hii: "The cup fell on the glass table and it broke." Hiyo "it" ni kikombe au meza? Haijulikani! Lazima usogee mbele. Ikifuata "Now we have nowhere to eat" basi ni meza, ikifuata "She poured the tea into another one" basi ni kikombe. Kiingereza kinakuachia wewe kazi ambayo Kiswahili kingekufanyia, na kama hujui kwamba umeachiwa kazi unapita tu, halafu unafika kwenye maswali mikono mitupu.

Kwa hiyo fanya hivi, chukua penseli, kila ukikuta "it", "they", "them", "this" simama, chora mstari kurudi nyuma mpaka kwa mwenye hilo neno. "They" ndo iwe macho zaidi maana haichagui watu wala vitu. "The boys hid the letters because they were afraid", hapo walioogopa ni wavulana. Badilisha neno moja tu la mwisho, "because they were secret", sasa zinazosemwa ni barua, na "they" ni ileile. Mwanzoni utachoka, aya moja inaweza kukula nusu saa, vumilia, baada ya wiki kadhaa jicho litakuwa linarudi lenyewe bila penseli.

Kuna na "he" na "she". Kwetu mwanamume na mwanamke wote ni "yeye" tu, ndo maana jicho letu halina mazoea ya kuangalia tofauti hiyo, na kwenye stori ya kaka na dada majibu mengi yanapotelea hapo.

Na ukikutana na majina yamepangwa foleni kama "water pump repair manual", anza kusoma kutoka mwisho: kitabu cha maelekezo ya kutengeneza pampu ya maji. La mwisho ndo kitu chenyewe, yaliyotangulia yanakieleza tu. Kwetu kitu kinatangulia ndo maelezo yanafuata, wao wanageuza.

Mwalimu, niliandika "I have arrived yesterday" nikakatwa, nikaandika "I did not went" nikakatwa tena. Mbona kwa Kiswahili nasema nimefika jana na hakuna anayenishangaa?

Ni kweli kwenye maongezi tunasema nimefika jana na maisha yanaendelea, kwa hiyo kosa lako lina asili yake. Ila "have" ya Kiingereza haikai na wakati uliokwisha kutajwa na kufungwa, kama jana, juzi, mwaka 2015. Ukishataja jana sema "I arrived yesterday" basi. "Have" inaleta jambo mpaka sasa hivi. Mtu akikwambia "I have lost my key" elewa kwamba mpaka anavyoongea na wewe ufunguo hana, wakati "I lost my key" inaeleza tu kilichotokea, huenda kashaupata zamani. Hii inasaidia sana kwenye kusoma, wala si kuandika tu.

Kuhusu "did", yenyewe ndo imebeba wakati, kitenzi kinachofuata kinabaki kama kilivyozaliwa: "did not go", "did you see". Kiswahili nacho kinaweka wakati mara moja, husemi hakualienda. "Does" ni hivohivo, ikishachukua ile "s" kitenzi hakiichukui tena, "does she go".

Na nikuongezee moja ninayoipenda. Ukikuta "He read the letter", utajuaje ni zamani wakati "read" ya leo na ya jana zinaandikwa sawa? Angalia "s". Ingekuwa kawaida yake ya kila siku ingeandikwa "he reads", haipo, kwa hiyo alishasoma. "She put" na "she cut" zisome hivohivo.

Bosi aliniuliza "Haven't you finished?" nikamjibu "Yes", nikimaanisha ndiyo sijamaliza. Akachukua kazi akaondoka nayo. Nilikosea wapi?

Pole sana. Sisi tukiulizwa hujamaliza, "ndiyo" yetu inakubaliana na aliyeuliza. "Yes" ya Kiingereza inafuata kazi yenyewe: imeisha ni "Yes, I have", haijaisha ni "No, I haven't", hata swali liulizwe kwa kukanusha. Usiishie kwenye neno moja, malizia na hicho kipande cha pili, hata ukiteleza kwenye la kwanza mtu atakuelewa.

Nifungue kamusi kila neno nisilolijua?

Hapana, utaichukia stori. Watafiti Hu na Nation walilipima hili mwaka 2000, wakaona wasomaji wengi wanahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100 ndo waelewe hadithi vizuri bila msaada. Kwa hiyo hesabu maneno 100 ya mwanzo ya kitabu, ukikuta mageni kumi hicho weka kando kwanza, tafuta chepesi zaidi hata kama kimeandikiwa watoto. Mageni yakiwa mawili matatu kisome, hayo mageni yakisie kutokana na sentensi, na kamusi fungua kwa lile linalorudi rudi tu.