Kombi ya Zamani Yenye Kutu

SWALI: Nimenunua Kombi, lile basi dogo la Volkswagen, ya mwaka 1972 yenye vitanda na paa la kuinuka, lakini inavuja na sakafu imeliwa na kutu. Fundi wangu hapa Moshi anataka kuanza na rangi. Nimkubalie?

JIBU: Ndugu msomaji, usimkubalie. Rangi iliyopigwa juu ya kutu hubabuka upesi. Kwanza makabati yatolewe, sakafu ichokonolewe kwa bisibisi, na kila inapozama bati bovu likatwe na jipya lichomelewe, kisha mipira ya madirisha ibadilishwe kabla ya masika. Nakusihi pia, usiiwashe kabla ya kubadilisha mipira yote ya petroli, kwa sababu injini iko nyuma, hupozwa kwa hewa, na mpira uliopasuka hudondosha petroli juu ya chuma cha moto. Kombi nyingi nzuri zimeteketea hivyo. Turubai la paa lishonwe mwisho.